Kuvuka Bahari Kuu kwa Boti za Matanga Mkiwa Kundi: Mwongozo Kamili

Wengi wanaopanga kuvuka bahari kuu wakiwa kundi huwa na picha moja akilini: matanga yanayofuatana mchana kutwa, na usiku taa za jirani zinazoonekana kila mtu anapogeuza shingo. Picha hiyo hudumu siku moja, au mbili ikiwa upepo ni mdogo. Boti ya mita 9 inayokwenda kwa wastani wa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, hukata maili 120 kwa siku, ilhali boti ya mita 14 inayokwenda noti 7 hukata maili 168. Baada ya siku tano tu boti hizo mbili zimetengana kwa maili 240, na redio ya VHF, hata antena zote mbili zikiwa juu ya milingoti, kwa kawaida haifiki mbali zaidi ya maili 15 hadi 20. Kwa hiyo kundi halilindwi kwa kuonana. Linalindwa na yale yaliyokubaliwa bandarini kabla nanga haijang'olewa: nani anamwita nani, saa ngapi, kwa chombo gani, na nini kifanyike asipoitikia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi inayofanywa boti zikiwa bado zimefungwa gatini.

Hatua ya 1: Amueni ni kundi la aina gani

Njia ya kwanza ni kujiunga na msafara ulioandaliwa. Unaojulikana zaidi ni Atlantic Rally for Cruisers, au ARC, ulioanzishwa na Jimmy Cornell mwaka 1986. Huondoka Las Palmas de Gran Canaria kila Novemba kuelekea Saint Lucia, safari ya takriban maili 2,700 ambayo boti nyingi huimaliza kwa siku 18 hadi 21. Katika msafara wa namna hii mshiriki hulipa ada, na waandaaji hukagua vifaa vya usalama vya kila boti, hutoa taarifa za hali ya hewa, hufuatilia mahali zilipo boti na husaidia kwenye makaratasi ya bandari ya kufikia. Ipo pia misafara iliyolegea zaidi, kama Pacific Puddle Jump, ambamo boti hujiandikisha pamoja lakini huondoka kwa nyakati tofauti kutoka bandari mbalimbali za upande wa magharibi wa Amerika kuelekea Polinesia ya Ufaransa.

Njia ya pili ni kuunda kundi lenu wenyewe. Kwa maoni yangu boti tatu hadi sita zinatosha. Zikiwa mbili, moja ikipata hitilafu nyingine hulazimika kubeba mzigo wote peke yake. Zikizidi sita, mwito wa redio wa asubuhi hugeuka mkutano na watu huanza kuukwepa. Msafara mkubwa unamfaa nahodha anayevuka kwa mara ya kwanza na anayehitaji kulazimishwa kukamilisha orodha ya vifaa. Kundi dogo linawafaa watu ambao tayari wanaaminiana, na ambao wana nidhamu ya kujikagua bila kusukumwa.

Hatua ya 2: Chagueni watu kabla ya kuchagua boti

Urefu wa boti na kasi yake ni mambo ya kuzingatia, lakini linaloamua kama kundi litafika likiwa bado kundi ni tabia za manahodha. Kaeni pamoja, kila nahodha na msaidizi wake, mjibu maswali yasiyopendeza mapema. Upepo ukifika noti 30 usiku, nani kati yenu hupunguza tanga na nani husubiri kuona? Nani atawasha injini mara kasi inaposhuka chini ya noti 3, na nani yuko radhi kuelea siku mbili akingoja upepo? Nani ana tarehe ya ndege ya kurudi kazini? Swali hilo la mwisho halidharauliki, kwa kuwa mtu mwenye tiketi mfukoni huisoma hali ya hewa kwa macho mengine.

Mtu anayejibu kila swali kwa kusema "tutaona huko huko" ni rafiki mzuri wa gatini, na pengine abaki kuwa hivyo.

Waulizeni pia mabaharia wasio manahodha. Iwapo kila boti ina mtu mmoja tu anayeweza kutweka na kutua matanga, kutumia redio na kusoma chati, kundi la boti tano lina watu watano, hata kama abiria ni ishirini. Kila boti inapaswa kuwa na angalau mtu wa pili anayeweza kuifikisha nchi kavu nahodha akiugua.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano

Karatasi mbili zinatosha, na kila boti ibaki na nakala. Sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba kila nahodha anawajibika kwa chombo chake na watu wake, na kwamba anaweza kuahirisha kuondoka, kubadili njia au kurudi bila kuhitaji idhini ya mwingine wala kutoa maelezo. Sentensi hii huonekana kama inaliua kundi, kumbe ndiyo inayoliokoa. Hatari kubwa ya kusafiri kwa kundi ni aibu: mtu hung'oa nanga akiwa na pampu mbovu kwa sababu wenzake wanne wanangoja nje ya bandari, au hubaki na tanga zima kwa sababu jirani hajapunguza lake.

Baada ya hapo yaandikeni mambo ya utekelezaji: ratiba ya redio, mpangilio wa kuripoti, jina la mtu wa nchi kavu atakayepokea taarifa za boti zote, na utaratibu wa kufuata boti ikinyamaza. Kuhusu kunyamaza, napendekeza ngazi tatu. Boti ikikosa mwito mmoja, isihesabiwe kuwa na dharura, maana redio huharibika na watu husinzia. Ikikosa miito miwili mfululizo, kila boti iitafute kwa njia nyingine zote ilizo nazo, na iliyo karibu zaidi na mahali ilipotajwa mara ya mwisho ifungue VHF na kuita kila saa. Ikikosa wa tatu, mtu wa nchi kavu akipelekee kituo cha uratibu wa uokoaji baharini taarifa zote: mahali pa mwisho, mwelekeo, kasi, idadi ya watu, rangi ya boti na vifaa vya dharura ilivyobeba. Bila ngazi zilizoandikwa, kundi hutumbukia katika mojawapo ya makosa mawili: hupiga mbiu kwa sababu ya betri iliyoisha, au hukaa kimya siku tatu kwa kuogopa kuonekana limetishika bure.

Makubaliano hayo hayawezi kupunguza wajibu wa kisheria. Sheria za kimataifa za bahari zinamtaka kila nahodha amsaidie mtu aliye hatarini baharini kadiri awezavyo bila kuhatarisha chombo chake, awe mwanakundi au asiwe.

Hatua ya 4: Chagueni msimu na njia

Bahari haivukwi wakati wowote mtu anapopata likizo. Katika Atlantiki ya Kaskazini msimu rasmi wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba, na pepo za kudumu za kaskazini mashariki, zile zinazoitwa pepo za biashara, hukaa sawasawa kuanzia Desemba. Misafara ya Novemba huondoka mapema kidogo ili watu wafike kabla ya Krismasi, nayo hulipa gharama yake: baadhi ya miaka upepo unakuwa haujatulia na boti huzunguka kusini kuutafuta. Kundi lisilofungwa na sikukuu linaweza kungoja Desemba au Januari bila kupoteza chochote.

Njia iliyonyooka kwenye chati siyo lazima iwe ya haraka. Kutoka Visiwa vya Canary mabaharia wengi hushuka kwanza kusini magharibi kuelekea Cape Verde, ndipo hugeuka magharibi wakiwa ndani ya pepo za noti 15 hadi 25 zinazowasukuma kwa nyuma. Kusimama Mindelo, bandari ya Cape Verde, kunaongeza siku, lakini kunaipa kila boti nafasi ya kurekebisha yaliyovunjika katika maili 800 na zaidi za kwanza, na kunalikutanisha kundi kabla ya kipande kirefu ambacho hakina bandari. Kwa kundi la wageni wa bahari kuu, ningechagua njia hiyo bila kusita.

Kwa wanaoanzia Ulaya, mpango wa njia uhusishe pia nyangumi aina ya oka wa pwani za Hispania na Ureno na Mlango wa Gibraltar, ambao tangu mwaka 2020 wamekuwa wakivunja sukani za boti za matanga. Someni taarifa za karibuni kuhusu mahali walipoonekana kabla ya kuteremka kusini.

Hatua ya 5: Kaguaneni boti

Boti ndani ya kundi lazima iwe na uwezo wa kuvuka kana kwamba iko peke yake. Kanuni hii haina punguzo, na njia bora ya kuisimamia ni kubadilishana ukaguzi: nahodha wa boti ya kwanza aikague ya pili, wa pili aikague ya tatu, hadi mzunguko ukamilike. Mwenye boti ameizoea kasoro yake hata haioni tena. Mgeni huiona akiwa bado ngazini.

Ukaguzi uanzie juu ya mlingoti. Mtu apandishwe hadi kileleni akapitishe kidole kwenye kila waya mahali unapoingia katika kishikizo chake, kwa sababu uzi mmoja uliokatika hujificha hapo na hukwaruza ngozi kabla ya kuonekana kwa jicho. Aangalie kapi za henza, yaani kamba za kupandishia matanga, pini na vifungio vyake, taa na antena. Chini, fungueni sakafu na kufunga kila valvu ya matundu yaliyo chini ya maji, mhakikishe inageuka, na kando ya kila moja pawe na kizibo cha mbao kilichofungwa kwa kamba. Jaribuni pampu za ngama, zinazotoa maji yaliyokusanyika chini ya sakafu, kwa maji halisi, si kwa kusikiliza mlio wa mota. Fungeni mkono wa dharura wa usukani na kuuendesha mkiwa nje ya bandari. Katika boti nyingi hugundulika wakati huo kwamba unagonga kiti au haufiki penye shimo lake.

Vifaa vya dharura ni orodha ndefu inayojulikana, nami nitagusa vile vinavyopuuzwa. Boti ya uokozi ya kujaza hewa iwe imefanyiwa matengenezo ndani ya muda wake na iwe mahali ambapo mtu mmoja anaweza kuitupa majini. Kifaa cha EPIRB, kinachotuma ishara ya dharura kwa masafa ya 406 MHz kupitia setelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, kisajiliwe upya kwa taarifa za safari hii: taarifa hizo ndizo zinazofunguliwa na waokoaji, na namba ya simu ya mtu asiyejua kwamba mmeondoka haiwafai kitu. Namba iliyoandikwa hapo iwe ya mtu yule yule wa nchi kavu wa kundi. Kila baharia awe na jaketi okozi lenye kamba ya usalama na taa, na kamba ngumu za kujifunga zilazwe sitahani kutoka tezi hadi omo. Mkasi mkubwa wa kukatia waya nao uwepo, kwa ajili ya siku ambayo mlingoti umeanguka na unapiga ubavu wa boti kama unataka kuutoboa.

Hatua ya 6: Pangeni mawasiliano kwa tabaka

Tabaka la kwanza ni VHF. Chaneli ya 16, ya dharura na ya kuitana, isikilizwe saa zote, na kundi lichague chaneli nyingine ya mazungumzo. Redio zenye DSC, mfumo wa kuitana kwa namba badala ya sauti, zinaweza kuwekewa namba moja ya kundi, ambayo huanza na sifuri, ili boti moja ikibonyeza kitufe redio za wenzake wote walio karibu zilie. Wachache huisanidi namba hii, ilhali ni kazi ya dakika kumi.

Tabaka la pili ni mawasiliano ya mbali: redio ya SSB, simu ya setelaiti, au intaneti ya setelaiti. SSB ina sifa ambayo vifaa vipya havina, nayo ni kwamba mmoja akizungumza wote husikia kwa pamoja. Masafa ya bendi ya 4 MHz hufaa boti zikiwa zimetengana kwa maili mia chache, na ya 8 MHz zikiwa mbali zaidi. Intaneti ya setelaiti imerahisisha mambo mengi, ikiwemo kupata utabiri wa upepo, lakini hula umeme na boti nyingi huizima usiku. Ujumbe ulioandikwa saa nane za usiku hausomwi hadi asubuhi, kwa hiyo kila boti iache kifaa kimoja kinachoweza kumwamsha mtu, na namba yake iwe kwenye ile karatasi ya makubaliano.

Tabaka la tatu ni AIS, inayoonyesha boti na meli kwenye skrini. Vifaa vya kawaida vya boti ndogo hutuma kwa nguvu ya wati 2 na huonekana kwa maili 5 hadi 10 hivi. Ni msaada mkubwa dhidi ya meli, na karibu hauna maana kwa kulifuatilia kundi baada ya siku ya pili.

Mwito wa redio uwe mara mbili kwa siku, kwa UTC, saa moja ya dunia nzima, kwa sababu mkielekea magharibi saa ya jua hubadilika kwa saa nzima kila longitudo 15 na bila saa moja ya pamoja mtaanza kukosana katikati ya bahari. Msimamizi wa mwito abadilike kila siku. Kila boti iripoti kwa mpangilio ule ule, bila hadithi katikati, kwa mfano: "Latitudo 18 na dakika 42 kaskazini, longitudo 34 na dakika 10 magharibi. Mwelekeo 265, kasi noti 6. Upepo mashariki noti 18, mawimbi mita 2. Watu wanne, wote wazima. Dizeli lita 140." Kila boti huandika taarifa za zote, si zake tu. Baada ya boti ya mwisho kuripoti, anayetaka kusimulia samaki aliyemnasa asimulie; na kwa kweli sehemu hiyo ndiyo inayowafanya watu waje tena jioni.

Hatua ya 7: Chakula, maji na dawa

Hesabu ya maji ni rahisi nayo haifai kufanyiwa mzaha. Kwa kunywa na kupikia, wekeni lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu watano kwa siku 21 ni lita 420, na juu yake ongezeni theluthi moja. Mashine ya kuondoa chumvi isiingizwe katika hesabu hiyo hata ikiwa mpya. Maji yagawanywe katika matangi zaidi ya moja, na sehemu ikae kwenye madumu ambayo hayakujazwa hadi mdomoni, ili yakiwa baharini yaelee.

Maboksi ya karatasi yaachwe gatini, maana mende huingia nayo. Matunda na mboga zioshwe, zikaushwe na kukaguliwa kila siku, kwa kuwa moja lililooza hulichafua kapu zima kwa haraka ya kushangaza. Kwa siku tatu za kwanza andaeni vyakula vilivyopikwa tayari: nusu ya watu watakuwa wamelevywa na bahari, na nusu nyingine haitataka kusimama jikoni. Anayepika avae aproni nzito na viatu, kwa sababu sufuria ya maji ya moto kwenye chombo kinachoyumba ni hatari kuliko kisu.

Kuhusu dawa, kila boti iwe na sanduku lake kamili, pamoja na dawa za maumivu makali na viuavijasumu vilivyoandikwa na daktari, na namba ya huduma ya ushauri wa kitabibu kwa njia ya redio au setelaiti. Orodha ya magonjwa na mizio ya kila baharia ikabidhiwe mtu wa nchi kavu katika bahasha iliyofungwa. Kama kuna daktari au muuguzi ndani ya kundi, wote wajue yuko boti gani, lakini msipange kana kwamba atakuwa karibu.

Hatua ya 8: Kuondoka na usiku wa kwanza

Chagueni dirisha la siku tatu badala ya siku moja, kisha mwamue pamoja asubuhi baada ya kusoma utabiri. Anayebaki abaki kwa amani. Atawafuata na ataendelea kuingia kwenye mwito.

Usiku wa kwanza ndio wakati pekee ambapo kuwa wengi ni hatari yenyewe. Boti ziko karibu, watu wamechoka, wengine wanatapika, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake anamwona. Tawanyikeni kabla ya giza, kila boti ikiacha maili 2 au zaidi kati yake na nyingine. Sheria za kuzuia migongano za mwaka 1972 zinataka mwangalizi wakati wote, kwa macho na kwa masikio, na zinatoa kipimo kisichohitaji mashine: chombo kinachokaribia kikipimwa kwa dira na pembe yake haibadiliki, mnaelekea kugongana. Boti ya matanga yenye urefu chini ya mita 20 inaweza kutumia taa moja ya rangi tatu juu ya mlingoti, lakini ikiwasha injini ya kuisukuma lazima taa hiyo izimwe na ziwashwe taa za chini pamoja na ile nyeupe ya mbele ya mlingoti. Katika makundi kosa hili hurudiwa kila usiku upepo unapokufa, na matokeo yake jirani hujiuliza kama anaona boti moja au mbili.

Hatua ya 9: Maisha ya njiani

Zamu zianze saa ile ile mnayotoka bandarini, hata kama kila mtu bado ana furaha ya kutolala. Watu wanne wanaweza kukaa saa 3 na kupumzika 9. Wawili watalazimika kugawana saa 3 au 4 kwa zamu, na uchovu wao uhesabiwe katika kila uamuzi. Usiku mtu yeyote aliye nje awe amefungwa kwa kamba yake ya usalama, na asiende mbele bila kumwamsha mwenziwe.

Kwenye pepo za nyuma boriti ya chini ya tanga kuu ifungwe kwa kamba ya kuizuia, iliyovutwa mbele hadi omo. Wimbi moja likiigeuza boti vibaya, boriti isiyofungwa huvuka upande wa pili kwa kishindo kinachoweza kuvunja vyuma, na kichwa cha mtu si chuma. Wengi hutua kabisa tanga kuu na kutumia tanga la mbele lililonyooshwa kwa mti. Kasi hupungua kidogo, usingizi huongezeka sana.

Adui wa kila siku ni kulika kwa kamba. Henza inayokaa kwenye kapi ile ile kwa siku kumi, ikisuguliwa mara elfu kwa saa kila boti inapoyumba, hukatika juu kileleni ambako hakuna anayeiona. Kila asubuhi ilegezeni au ikazeni kwa upana wa kiganja ili sehemu mpya ya kamba ikae kwenye kapi. Zungukeni sitaha mkitafuta pini, nati au kipande cha waya kilichodondoka. Chuma kidogo kinachokutwa sitahani kimetoka mahali fulani, na siku hiyo kazi ya kwanza ni kupajua.

Dhoruba fupi za mvua huja zaidi usiku, na huleta noti 30 au 40 kwa robo saa. Kwenye rada huonekana kama doa zito. Boti iliyotangulia ikipitiwa nayo iwaarifu walio nyuma, na hapa kundi linakuwa na thamani halisi, kwa kuwa walio mbele wanawaonyesha wengine hali ya hewa ya kesho. Waarifiane pia kuhusu magugu ya sagasamu, ambayo tangu mwaka 2011 yamekuwa mengi mno katika Atlantiki ya tropiki na hujisokota kwenye sukani na kwenye jenereta zinazoburutwa majini.

Msifukuzane. Boti ya mwisho isiombwe kuongeza matanga ili isiwacheleweshe wengine, na ya kwanza isijisifu kwenye mwito.

Hatua ya 10: Mmoja anapopata shida

Hatua ya kwanza ni kuuliza mhusika anataka nini. Hitilafu nyingi huhitaji ushauri, si boti ya pili, na fundi aliye maili 200 mbali anaweza kumwongoza mtu kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli kwa redio. Hali ikiwa nzito bila hatari ya mara moja ya kifo au ya kupoteza boti, itolewe taarifa kwa PAN PAN, mwito wa redio wa hali ya haraka. Ikiwa na hatari hiyo, ni MAYDAY, mwito wa dharura kuu, pamoja na EPIRB. Msiache kuwasha EPIRB eti kwa sababu kundi limeshajua. Meli kubwa iliyoelekezwa na kituo cha uokoaji inaweza kuwa saa 6 kutoka hapo wakati mwenzenu yuko siku 2.

Boti mbili za matanga zisijaribu kugusana bahari kuu. Milingoti hugongana kabla ya ubavu kukutana, na mtu anayeruka huvunjika. Vitu vipelekwe kwa kamba. Boti inayotoa, tuseme madumu mawili ya dizeli, hupita joshini, yaani upande unakotoka upepo, mwa inayopokea ikiwa na kasi ndogo, ikiachia nyuma kamba inayoelea ya mita 70 hivi yenye boya mwishoni. Madumu, yaliyoachiwa nafasi ya hewa na kufungwa vifuniko kwa utepe, yamefungwa karibu na boya. Inayopokea husogea polepole, huliopoa boya kwa kulabu, huweka injini huru ili pangaboi isiinase kamba, kisha huvuta. Mkiweza, fanyeni zoezi hili mkiwa bado pwani, mchana, kwa dumu la maji.

Boti ikipoteza usukani au mlingoti, aliye karibu akae naye ndani ya masafa ya VHF hadi hali itulie au msaada ufike. Kuivuta boti kwa mamia ya maili mara nyingi huharibu mbili badala ya moja. Na watu wasihamie kwenye boti ya uokozi mapema. Chombo kilichojaa maji hadi magotini bado ni kikubwa, huonekana kirahisi zaidi, na kina chakula.

Hatua ya 11: Kufika

Msiingie bandari msiyoijua usiku, hata harufu ya nchi kavu ikiwavuta vipi. Pandisheni bendera ya njano ya kuomba ruhusa, na hadi maofisa wamalize kazi yao watu wengine mbali na nahodha wasishuke. Kila boti iwe na cheti cha kuruhusiwa kutoka bandari iliyopita, orodha ya mabaharia, pasi na hati za usajili. Nchi nyingi humwajibisha nahodha kwa mabaharia wake hadi waondoke, kwa hiyo anayeshuka kurudi kwao awe na tiketi, na jina lake liondolewe rasmi kwenye orodha.

Aliyefika wa kwanza ana kazi bado. Asimamie mwito wa redio kutoka bandarini, awape walio nyuma hali ya mlango wa bandari, chaneli ya kuita na mahali pa kutia nanga, na asizime redio hadi boti ya mwisho iingie. Boti hiyo ikifunga kamba, mtu wa nchi kavu aambiwe kwa maandishi kwamba wote wamefika, na usajili wa EPIRB ubadilishwe kwa safari inayofuata. Dizeli, kamba na dawa zilizopeanwa njiani zilipwe kabla boti yoyote haijaondoka hapo, kwa sababu baada ya wiki moja kila mmoja atakuwa na kisiwa chake cha kwenda na kumbukumbu yake ya nani alimpa nani.